Kijapani cha Shangazi Skola

Wiki iliyopita fundi bomba alikuja nyumbani kwangu Bombambili kuunga mabomba ya jikoni. Alipofungua kopo la gundi, ile harufu kali yenye utamu kidogo, inayopanda puani na kukaa nyuma ya macho, ilinisimamisha mlangoni na sufuria mkononi. Fundi alidhani imenikera, akaomba radhi na kufungua dirisha. Haikuwa imenikera. Ilikuwa imenirudisha Lizaboni, kwenye meza ya chakula ya baba yangu, nina miaka kumi, na pembeni yangu amekaa shangazi Skolastika, ameshika njiti ya ufagio yenye tone la gundi kwenye ncha, amezuia pumzi.

Nimemaliza siku kadhaa nikiiwaza meza ile. Ngoja niwasimulie, kwa sababu kuna jambo la mwaka ule ambalo sijawahi kumweleza mtu vizuri, hata mume wangu.

Shangazi Skola alikuwa dada mkubwa wa baba. Alikuja kukaa kwetu baada ya kufiwa na mumewe upande wa Namtumbo, ambako walikuwa wakilima tumbaku na mahindi. Alishuka kwenye basi na furushi moja na kuku wawili waliofungwa miguu, na mikono ambayo sijaona mingine kama ile. Vidole vyake vilikuwa vyembamba, virefu, na nchani vilikuwa na rangi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni yoyote, rangi ya miaka mingi ya kufunga majani ya tumbaku kwenye vijiti. Aliweza kufunga fundo huku akiangalia pengine. Kwa watu alikuwa na maneno machache, lakini kwa vyombo alikuwa na maneno mengi sana. Sufuria ikiungua, aliisema kwa Kingoni kuanzia mfuniko mpaka kitako.

Baba alikuwa mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na shangazi naye alimwita Mwalimu, ingawa ni yeye aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga. Alilitamka neno hilo taratibu, kama mtu anayeweka yai mezani. Baba alikuwa mtu mwema, ila alipenda kuwa sahihi. Hata alipopotea njia alipotea kwa kujiamini.

Sasa, siku hizo kulikuwa na filamu moja ambayo watoto wa mtaa wetu tuliiona sebuleni kwa jirani. Niliiona mara nne, mara tatu kati ya hizo nikiwa nje dirishani. Ilihusu watu walioishi kwenye dunia nyingine, nyekundu, isiyo na tone la maji, na ilikuwa imetiwa sauti ya Kiswahili na kijana fulani aliyewasemea wote, wanawake kwa wanaume. Sikumbuki tena nani alimuua nani. Ninachokumbuka ni gari. Lilikuwa na magurudumu manane, na kila gurudumu lilipanda jiwe lake lenyewe bila kuwasumbua wenzake. Juu lilikuwa na kibanda cha kioo, na ndani ya kioo aliketi dereva, mwanamke mwenye kichwa kilichonyolewa, akipeleka maji kwa watu katikati ya tufani ya vumbi. Mimi nilikuwa sijawahi kuona mwanamke akiendesha hata lori la mahindi. Kwa wiki nzima niliendesha kigoda cha jikoni.

Muhula ule nilishika nafasi ya pili darasani. Baba alikwenda sokoni Majengo kutafuta viatu vya mtumba, na katikati ya mabegi na midoli isiyo na macho akaliona boksi lenye picha ya gari lile lile. Halikuwa limefunguliwa. Alilibeba mpaka nyumbani chini ya koti, na aliponikabidhi alikuwa na furaha kuliko mimi.

Nililifungua, na ndani hapakuwa na gari.

Kulikuwa na fremu za plastiki ya kijivu, na kwenye fremu hizo vimening'inia vipande vidogo vidogo kwa mamia, vingine kama punje ya mchele. Nilimtazama baba kwa huruma, nikajua ametapeliwa. Lakini yeye alicheka, akavuta kiti, akaanza kufundisha. Alisema hili ni gari kamili kabisa, ila limepunguzwa kwa kipimo cha moja kwa thelathini na tano, kama vile ramani inavyopunguza milima ya Matogoro ikaenea kwenye daftari. Kazi yetu ni kuliunga. Kisha akakunjua karatasi ya maelekezo, akaigeuza, akaigeuza tena. Ilikuwa imeandikwa kwa Kijapani, kurasa zote, hata pale palipoonekana kama onyo.

"Haina shida," alisema. "Gari ni gari."

Gundi iliyokuwa ndani ya boksi ilikuwa imekauka, kwa hiyo alinunua ya mabomba kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Jumapili baada ya misa alikata vipande viwili vikubwa, ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto, akavipaka gundi na kuvibana pamoja kwa nguvu zote. Gundi ile iliyeyusha plastiki kidogo, na alama ya dole gumba lake ikabaki kwenye bodi kama muhuri. Kisha akaona mkononi amebakiwa na vyuma vinne virefu vyembamba, vile vya kushika magurudumu, ambavyo vilitakiwa kukaa ndani ya bodi. Bodi ilikuwa imeshafungwa. Baba alivigeuza, akavipima kwenye mwanga.

"Hawa watu hawakuacha nafasi," alisema mwishowe. Alirudisha kila kitu kwenye boksi na boksi akaliweka juu ya kabati.

Ilikuwa Januari, mvua za kwetu zile zinazoanza baada ya chakula cha mchana na kupiga bati mpaka watu wanaongea kwa mikono. Siku moja nilirudi shuleni nimeloa, nikamkuta shangazi mezani peke yake. Ungo wa maharage ulikuwa umesogezwa kando. Mbele yake alikuwa ametandaza karatasi ya Kijapani, na kidole chake cha kahawia kilikuwa kinatembea juu yake polepole.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Oti, hebu njoo. Mwalimu alianza mwisho."

Alinionyesha. Kwenye mchoro wa kwanza kulikuwa na vile vyuma vinne, na mishale ikivielekeza ndani ya ubavu mmoja. Ubavu wa pili ulikuja kwenye mchoro wa sita. Halafu akanionyesha alama ndogo ambayo mimi na baba hatukuiona kabisa: tone, na juu ya tone msalaba.

"Hapa wanakataza gundi," alisema. "Ukipaka hapa, gurudumu halitazunguka."

Nilimtazama kama vile amefungua mlango ukutani. "Shangazi, unajua Kijapani?"

Alinitazama kwa pembe ya jicho, na midomo ikamcheza kidogo. "Kidogo kidogo," alisema.

Siku hiyo hiyo tulianza upya. Alitenganisha mbavu zile mbili kwa wembe, akiuingiza na kuutoa, akiuingiza na kuutoa, mpaka mvua ikaisha na bodi ikaachia. Vipande alivipanga kwenye ungo kwa mafungu, kama alivyokuwa akichambua tumbaku kwa madaraja: virefu huku, vya mviringo huku, vyenye meno peke yavyo. Herufi ndogo zilizochapwa pembeni ya kila kipande hakuziangalia hata mara moja. Alikiangalia kipande, akaangalia mchoro, akakigeuza mpaka kikakubali. Mimi nilikuwa mshika taa na mshika pumzi. Alinifundisha kupaka gundi kidogo kuliko ninavyodhani inatosha, na kutobonyeza. "Shika tu," alikuwa akisema. "Iache ishikane yenyewe."

Tuliunga kila siku mvua iliponyesha. Kila gurudumu lilikuwa na vipande vinne, na kila moja lilituchukua alasiri nzima, kwa sababu katikati ya kuunga kulikuwa na kazi za nyumbani. Baba alipita, akatupia jicho, akasema "Vizuri, vizuri," akaenda kusahihisha madaftari yake. Mama alirudi kutoka sokoni jioni amechoka na hakuwa na habari na gari letu, isipokuwa aliuliza kwa nini maharage yananuka bomba.

Na mimi, jamani, nilijaa sifa. Nilimwambia kila mtu. Nikawaambia wa darasa letu, na watoto wa bombani, na siku moja nikamwambia Mama Batista mwenyewe, mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya kanisani, tulipokutana dukani nimetumwa chumvi. Nilimwambia kwamba shangazi yangu amesoma sana, anasoma mpaka Kijapani, na baba ambaye ni mwalimu alishindwa. Mama Batista alisema, "Eti ee! Na jinsi alivyo mkimya!" Nilirudi nyumbani nikirukaruka.

Jumamosi iliyofuata sala ya jumuiya ilikuwa zamu ya kwetu. Watu walijaa sebuleni, viti vikaletwa kutoka kwa majirani, sisi watoto tukakaa mbele kwenye mkeka. Tuliimba, tukasali. Ilipofika wakati wa somo, Mama Batista alisimama na Biblia yake yenye zipu. Kwa kawaida msomaji alikuwa mama yangu, au kijana mmoja wa kwaya. Lakini siku hiyo Mama Batista alitabasamu.

"Leo tuna bahati," alisema. "Otilia katuambia kwamba shangazi yake ni msomi, anasoma mpaka lugha za Wajapani. Mama Skolastika, karibu utusomee Neno."

Mama aligeuka ghafla. Baba, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliinamisha kichwa na kuangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa nimenyoosha shingo, ninawaangalia wenzangu wa mkekani mmoja mmoja, wajue sasa.

Shangazi aligeuza kichwa. Alinitazama. Halafu akasimama, akarekebisha kitenge, akaipokea Biblia kwa mikono miwili. Aliishika vizuri tu, haikuwa juu chini. Aliiangalia. Mvua siku hiyo haikunyesha, na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia kuku wake nje wakiparua.

"Miwani yangu," alisema taratibu. "Nimeiacha."

Na mimi, kwa sauti yangu ya kushika nafasi ya pili, kwa nia njema yote niliyokuwa nayo duniani, nikasema: "Shangazi, wewe huna miwani!"

Mtoto mmoja alicheka. Mtu mzima mmoja akakohoa. Mama alishanyanyuka, akaichukua Biblia mikononi mwa shangazi kama mtu anayepokea mzigo kwa mgeni, akasoma somo mwanzo hadi mwisho bila kumeza mate. Sikusikia hata neno moja. Nilikuwa nimeanza kuelewa kwamba kuna kitu nimekivunja, ila sikujua ni kipi.

Baada ya sala shangazi aligawa chai kama kawaida. Watu walimshukuru sana, zaidi ya chai inavyostahili.

Tangu siku ile hakukaa tena mezani. Mvua ilinyesha, ungo ulikuwepo, gari lilikuwa na magurudumu sita na bado mawili, lakini shangazi alibaki jikoni kule uani. Sufuria hakuzisema tena. Jumanne nilimkuta akikunja vitenge vyake na kuvipanga kwenye furushi. Alisema mahindi ya Namtumbo yanahitaji palizi na ameshakaa mjini vya kutosha.

Nilimfuata mama aliyekuwa akifua, nikamuuliza shangazi ana nini. Mama aliendelea kufikicha kola ya shati la baba.

"Shangazi yako hakwenda shule, Oti," alisema. "Walikuwa wawili. Kazi ya tumbaku ilikuwa nyingi, babu yako akasema mmoja abaki. Akaenda baba yako."

"Lakini anasoma ile karatasi."

"Ile ina picha, mwanangu."

Nilikwenda kujificha nyuma ya choo, mahali pekee ambapo mtu hakufuati, nikalia mpaka nikapata kwikwi. Nilitaka kumwomba msamaha lakini sikujua namna. Nikisema samahani, itabidi niseme ya nini, na lile neno, kwamba hajui kusoma, nilikuwa siwezi kulitamka mbele yake. Mwishowe nilichukua boksi, nikalipeleka jikoni, nikaliweka karibu na miguu yake. Alikuwa anasonga ugali.

"Bado mawili, shangazi."

"Mpelekee Mwalimu akumalizie," alisema, bila kugeuka. Hakusema kwa ukali, na hilo liliniumiza zaidi.

Basi nilimpelekea baba. Alikuwa sebuleni na madaftari yake na kalamu nyekundu. Nikamwambia, "Shangazi kasema umalizie wewe." Baba aliliangalia boksi. Akaliangalia muda mrefu, kalamu ikiwa imesimama juu ya daftari la mtoto wa watu. Kisha akaifunika kalamu, akanyanyuka, akalichukua boksi na kutoka nalo uani.

Baba hakuwa na kawaida ya kuingia jikoni. Aliinama mlangoni kwa sababu ya urefu wake, moshi ukamwingia machoni, akatafuta pa kukaa na hakuona ila kigoda changu. Alikikalia, magoti yakamfika kifuani. Akakunjua karatasi ile juu ya mapaja.

"Dada," alisema. Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita hivyo. "Nionyeshe hapa wanasemaje. Mimi hii siwezi kuisoma."

Shangazi aliendelea kusonga. "Mwalimu, ile hata mtoto anaweza."

"Siwezi, dada. Nilianza mwisho."

Mwiko ulisimama. Shangazi aliepua sufuria, akanawa mikono, akaifuta kwenye kitenge kidole kimoja kimoja. Akaketi chini kwenye mkeka, akaichukua karatasi kwa baba na kuigeuza, maana alikuwa ameishika kichwa chini.

Tulimaliza magurudumu mawili pale pale jikoni, watatu, ugali ukipoa. Baba alikuwa mwanafunzi mbaya. Alibonyeza. "Usibonyeze," shangazi alimwambia, "shika tu," na baba akasema "Ndiyo, dada," na akabonyeza tena kidogo, na shangazi akampiga kofi jepesi mkononi. Gundi iliposhika, shangazi alilisukuma gari polepole juu ya magunzi ya mahindi yaliyokuwa karibu na jiko. Kila gurudumu lilipanda gunzi lake na kushuka, moja baada ya jingine, na kibanda cha kioo hakikuyumba. Baba alicheka kwa sauti ambayo sikuwa naijua. Halafu akaacha kucheka, akabaki ameinamisha kichwa, na shangazi akamwekea mkono mgongoni, pale katikati ya mabega, akauacha hapo.

Furushi lilifunguliwa. Siku chache baadaye baba alikuja na ubao mdogo na chaki, na kila alasiri wakakaa wawili mezani. Ningependa kuwaambia kwamba shangazi alijifunza kusoma. Alijifunza kuandika jina lake, herufi zimeegemeana kama watu waliochoka, na kuanzia hapo akasema mkono wake ni mzito na mboga zinaungua. Baba hakulazimisha. Mvua zilipokwisha alirudi Namtumbo kuvuna, safari hii akisindikizwa na sisi wote mpaka stendi. Gari lilikaa juu ya kabati miaka miwili mitatu, mdogo wangu akalivunja, na tulipohama vipande vyake havikujulikana vilikokwenda.

Mimi nilikua, nikasoma, nikaolewa. Lile la sebuleni nililibeba kimya kimya. Nilijiambia kwamba kwa mdomo wangu nilimsukuma shangazi mahali ambapo hakuwa na pa kutokea, na kwamba alisimama na kile kitabu kwa sababu alishtukizwa. Hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka miaka mitano iliyopita, nilipokwenda kumtembelea. Alikuwa amezeeka, ameketi barazani anachambua maharage kwa vidole vile vile. Nilijikaza nikasema.

"Shangazi, siku ile ya jumuiya. Nisamehe. Nilikuwa sijui."

"Najua ulikuwa hujui," alisema. Akatupa haragwe bovu. "Na mimi ndiye niliyekudanganya kuhusu Kijapani."

"Lakini mbona ulisimama? Ungemwambia tu Mama Batista hapana. Mama angesoma."

Aliniangalia kana kwamba nimeuliza kitu ambacho kila mtu anakijua.

"Si alisema ni wewe uliyewaambia? Nikakutazama, umekaa pale mbele umenyoosha shingo kama jogoo. Nikaona nikisema hapana, utakuwa mwongo mbele ya watu wote wale. Na una miaka kumi." Alitikisa ungo. "Nikasema acha nisimame. Labda Mungu atafanya kitu."

"Na akafanya nini?"

"Akakufungua wewe mdomo kuhusu miwani."

Alianza kucheka, mabega yakimtikisika, mpaka maharage yakaruka kwenye ungo, na mimi nikacheka naye kwa sababu haikuwezekana kutocheka. Alikuwa na muda wa kutosha kuona vizuri kinachomngoja, na alisimama. Nilipata shahada yangu, nikajua kusoma vitabu vinene, na ilinichukua miaka yote ile kusoma uso mmoja ulionitazama kwa dakika moja sebuleni kwetu.

Alipomaliza kucheka alifuta macho kwa ncha ya kitenge, akanisogezea nusu ya maharage, akasema kama nimekuja kukaa bure basi jua litazama tukiwa bado hatujainjika chungu.